Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wanangu, nipeni sikio kidogo, kisha mtarudi kwenye shughuli zenu. Najua mnaihesabia siku AFCON ya 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika. Tangu Septemba 27, 2023, CAF, shirikisho la soka Afrika, ilipotangaza kwamba Kenya, Uganda na Tanzania wataiandaa pamoja, sijapita barazani pa mtu bila kusikia habari zake, na mimi mwenyewe niliposikia mara ya kwanza nilisema alhamdulillahi. Mapenzi ya mpira hayazeeki. Ila nimeishi muda wa kutosha kuwaona wageni wakija na wakienda zao, na kila mara tunabaki papa hapa, mimi na wenzangu, tukiangalia walichotuachia. Nimechoka kusema haya. Nayasema tena kwa sababu safari hii bado kuna wakati.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akiwa njiani, nyumba hufagiwa, paa linalovuja huzibwa, kuku aliyekuwa akitazamwa tu miezi yote huchinjwa, na mtoto wa nyumbani naye hupata paja lake. Ugeni huo una kheri. Lakini pana nyumba nyingine ambako mgeni hupikiwa kwa deni, watoto wakafungiwa chumba cha uani wasionekane, na akishaondoka huanza miezi ya kumkimbia mwenye duka. Mgeni wa michezo hukaa mwezi mmoja. Mwenyeji yupo kabla yake na yupo baada yake. Basi tukishawaaga wageni wa 2027, mimi nitauliza mwenyeji amepona wapi, na ningependa nanyi mjizoeze kuuliza mapema.

Agosti 1987 Nairobi ilipokea Michezo ya nne ya Afrika nzima. Nilikuwa mwalimu wa michezo wakati huo, nguvu bado ninazo. Uwanja wa Kasarani ulikuwa mpya, umejengwa kwa msaada wa China, nafasi ya watu 60,000, na kando yake bwawa la kuogelea na ukumbi wa michezo ya ndani. John Ngugi akashinda mbio za mita 5,000 mbele ya watu wake, na mwaka uliofuata akaenda Seoul akarudi na dhahabu ya Olimpiki. Timu yetu ya taifa ya soka, Harambee Stars, wakafika fainali, wakafungwa na Misri bao moja kwa bila. Tulirudi nyumbani tumenuna, lakini hakuna aliyejuta kwenda. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba furaha haihesabiki katika urithi. Inahesabika. Wanafunzi wangu waliomwona Ngugi akizunguka ile njia walikuja kukimbia shuleni wiki nzima bila kuamrishwa, na mwalimu yeyote anajua hilo lina thamani gani.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Kenya ilipewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996, likatuponyoka, likachezwa Afrika Kusini. Tukapewa CHAN ya 2018, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, na Septemba 2017 CAF wakatunyang'anya kwa kuwa viwanja havikuwa tayari, wakawapa Morocco. Yote hayo nayasema haraka kwa sababu yanauma, ila liko moja ambalo nataka mlitazame kwa makini. Juni 2024, katika kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia, Harambee Stars walicheza mechi zao za nyumbani dhidi ya Burundi na dhidi ya Ivory Coast mjini Lilongwe, Malawi. Ivory Coast walikuwa mabingwa wa Afrika, wametoka kulichukua kombe Februari ya mwaka huo. Bingwa wa Afrika anakuja kucheza na Kenya, na mtoto wa Mathare anamtazama kwenye runinga, katika mechi ya nyumbani iliyo nchi ya tatu. Septemba mwaka huohuo tukacheza na Zimbabwe, nyumbani tena, na nyumbani kulikuwa Namboole, Uganda.

Wala Uganda nao hawakuwa na la kutucheka. Namboole ilifunguliwa 1997, uwanja wa taifa wenye jina la Mandela, na ikafika pahali ikafungiwa na CAF. Timu yao ya taifa, Cranes, wakahangaika miaka wakiazima viwanja vya watu mpaka jeshi lilipoingia kuukarabati. Yaani miaka 37 baada ya kuipokea Afrika nzima, Kenya ilikuwa ikipiga hodi kwa majirani, na jirani mmojawapo ndiyo kwanza amepata pa kukaa. Mwenyeji aligeuka mgeni. Ndiyo sababu nasema habari ya kinachobaki si jambo la wahasibu na wakandarasi peke yao.

Liko pia jambo ambalo watu hawapendi nilitaje. Aprili 2014, kulipofanywa msako wa usalama Nairobi, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, walikusanywa na kuzuiliwa Kasarani. Akina mama na watoto wao. Palepale tulipomshangilia Ngugi. Nilipoziona picha zile nilifikiri sana, na mpaka leo naamini kwamba uwanja ambao raia hawauingii kwa mazoea yao, ambao hauna watoto wake, klabu zake na wazee wake wa kuuonea uchungu, ni rahisi kupewa kazi yoyote ambayo mwenye nguvu anaitaka siku hiyo.

Tuje kwenye nyasi, maana hapo ndipo ninapotaka tukae.

Mkiingia uwanjani mnatazama majukwaa, taa, ile skrini kubwa. Yote hayo yako juu ya ardhi. Uwanja wenyewe uko chini. Chini ya nyasi kuna mchanga uliopimwa, chini yake kokoto, na chini ya kokoto mabomba yenye matundu yanayochukua maji ya mvua na kuyatoa nje. Mwaka wa kwanza kila kitu hufanya kazi. Kadiri miaka inavyokwenda, mchanga hushikana, udongo laini huziba matundu ya mabomba, mizizi ya nyasi hukosa hewa na kubaki mifupi. Juu bado panaonekana kijani. Halafu inakuja mvua moja ya masika.

Niliwahi kuwa na rafiki, sasa ni marehemu, aliyekuwa mtunza uwanja. Kila asubuhi kabla ya chai alitembea uwanja mzima na ufunguo wa stoo mkononi, ule mrefu wa kizamani. Kila hatua chache huinama na kuuchomeka ardhini. Ukizama kwa urahisi, huendelea. Ukigoma, huweka alama ya chokaa, na jioni hurudi hapo na uma wake wa chuma akatoboa ardhi tundu baada ya tundu, kisha akamwaga mchanga na kuufagia uingie. Alijua kona ipi huchelewa kukauka na goli lipi huliwa na makipa. Ikitangazwa kwamba kutakuwa na mkutano wa hadhara au tamasha, na malori yataingia kushusha jukwaa juu ya nyasi zake, alikuwa hali vizuri siku hiyo. Alinieleza kwamba gari moja zito juu ya ardhi iliyolowa huharibu kazi ya miezi. Aliomba mashine ya kutobolea kwa barua, mwaka baada ya mwaka, na ofisi iliyomwajiri haikumjibu. Alipostaafu hakuletewa kijana wa kumrithi hata mmoja. Alikabidhi ule ufunguo kwa karani.

Nimemkumbuka sana Mei 2025. Wana Simba wa Dar es Salaam walikuwa wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho, fainali yao ya kwanza barani tangu ile ya Kombe la CAF mwaka 1993. Miaka 32 ya kungoja. Uwanja wa Mkapa upo, wa watu 60,000, umefunguliwa 2007, nao kwa msaada wa China, fahari ya Dar es Salaam. Mvua zikanyesha, maji yakatuama, eneo la kuchezea likaonekana halifai, na mechi ya marudiano dhidi ya RS Berkane ya Morocco ikahamishiwa Amaan, Zanzibar, Mei 25. Amaan ni uwanja mzuri na Wazanzibari waliwapokea wageni kwa heshima zote, lakini majukwaa yake hayachukui hata nusu ya watu wa Mkapa. Maelfu ya watu waliokuwa wakiisubiri siku ile maishani mwao walibaki bara. Simba walitoka sare ya bao moja kwa moja, kombe likaenda Morocco kwa mabao mawili ya mechi ya kwanza. Sisemi wangeshinda wangekuwa Mkapa. Nasema walistahili kuchezea kwao. Na mwaka 2023, Aprili 30, Yanga wakicheza robo fainali na Rivers United, taa za uwanja huohuo zilizimika katikati ya mchezo, macho ya bara zima yakitazama. Taa na mabomba ni vitu vya kukaguliwa na kurekebishwa kila mwezi. Fundi wake lazima awepo mwaka mzima, alipwe, asikilizwe.

Kujenga kuna utepe wa kukata na kuna picha gazetini. Kutunza hakuna. Hilo ndilo tatizo letu lote kwa maneno machache, na halikuanza kwetu. Wakazi wa Montreal, kule Kanada, waliandaa Olimpiki ya 1976, na deni la uwanja wao walimaliza kulilipa mwaka 2006. Miaka 30, na sehemu ya malipo ilitoka katika kodi maalumu ya tumbaku. Brazili walijenga uwanja mkubwa wa Mané Garrincha jijini Brasília kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2014, na mwaka uliofuata eneo lake la kuegeshea magari lilikuwa likitumika kama maegesho ya mabasi ya mji. Hao ni watu wenye mpira wao na fedha zao.

Sisi Kenya tunajenga Talanta, kule Jamhuri, kando ya barabara ya Ngong, uwanja mwingine wa watu 60,000. Safari hii haukuwa msaada. Zimekopwa fedha kwa hati fungani ya takriban shilingi bilioni 44.8, miaka 15, riba ya asilimia 15, na mlipaji ni ule mfuko wa serikali wa michezo, sanaa na maendeleo ya jamii. Mnajua mfuko ule hujazwa na nini? Na kodi za kamari. Zile shilingi mnazozibonyeza kwenye simu usiku mkingoja mechi za Uingereza, sehemu yake ndiyo inayolipa. Nimewakanya juu ya kamari mpaka mmenizoea, leo sitarudia. Ninachotaka mwone ni kwamba mfuko huohuo ndio uliowekwa kuwasaidia wachezaji, wasanii, na viwanja vidogo vya mikoani. Deni litafika 2040. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atakuwa mtu mzima. Kila mwaka, kabla mfuko haujamnunulia mtoto huyo mpira, utatoa kwanza fungu la Talanta. Pengine itafaa, uwanja ukiwa na mechi, klabu zikapewa, ukumbi ukakodishwa, fedha zitarudi. Mimi si mtabiri. Lakini mwenye deni la namna hiyo hana ruhusa ya kuliacha bomba moja lizibe.

Na nyote mnajua wachezaji wetu hawatoki Kasarani. Hufika Kasarani wakiwa wameshatengenezwa pengine. Nendeni Iten, juu kwenye baridi. Pale Kamariny palikuwa na uwanja wa udongo, hauna lolote la kuvutia macho, na juu ya udongo ule mabingwa wa dunia walifanya mazoezi. Karibu miaka kumi iliyopita ukavunjwa ili ujengwe wa kisasa, kazi ikakwama, miaka ikapita. Wakimbiaji wakarudi barabarani kupishana na matatu. Nikisikia tumepata mashindano makubwa, jambo la kwanza ninalowaza ni Kamariny. Tunaweza kumchinjia mgeni ng'ombe huku tukisahau kumlisha ndama.

Mimi ni mtu wa Mombasa, ingawa mkate wangu niliula Nairobi. Machi 24, 2007, kwetu tulipokea mbio za nyika za dunia, kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari, pale Mama Ngina. Joto la siku ile hata sisi wenyeji tulilisemea. Kenenisa Bekele, mfalme wa mbio zile, alishindwa akatoka njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Watoto wa Majengo na Likoni walijipanga kandokando wakipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Baada ya hapo kamba ziliondolewa na uwanja wa gofu ukarudi kwa wanachama wake. Sikuona hata njia moja ya kukimbilia iliyoachwa kwa ajili ya watoto wale. Walikuwa wameona kwa macho yao kwamba dunia inaweza kuja Mombasa, na kesho yake hawakuwa na pa kujaribu.

Nairobi ilifanya vizuri zaidi kidogo. Agosti 2021 Kasarani ilipokea wanariadha vijana wa dunia walio chini ya miaka 20, majukwaa matupu kwa sababu ya korona. Letsile Tebogo wa Botswana akashinda mita 100, na miaka mitatu baadaye akawa bingwa wa Olimpiki wa mita 200 kule Paris. Wiki chache baada ya vijana kuondoka, Septemba 18, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 juu ya njia ileile, rekodi ya Afrika. Njia ilikuwa bado hai. Ilikaguliwa, ilitumiwa, watu waliifikia. Hicho ndicho ninachokiita mwenyeji kupona, na hamkosi kuona kwamba hakikuhitaji uwanja mpya.

Kuna kipimo changu cha siku zote, nacho ni Jumanne. Jumamosi ya fainali kila uwanja ni mzuri. Mimi naenda Jumanne saa tisa alasiri, shule zikianza kutoka, nasimama getini na kutazama. Geti limefunguliwa? Kuna nani ndani? Ufunguo yuko nao nani, na mtoto asiye na barua ya mtu mkubwa akiuomba, anaupata? Kwenye CHAN ya Agosti 2025 baadhi ya viwanja vya mazoezi Nairobi vilikuwa vya jeshi na vya polisi. Vilitengenezwa vikapendeza. Sina ugomvi na jeshi wala polisi, wana timu zao na wanafanya kazi nzuri ya michezo. Lakini mtoto wa mtaani haingii kambini kucheza. Kila mji utakaopokea timu 2027, uwe Nairobi, Arusha, Hoima au Dar es Salaam, utahitaji viwanja vya mazoezi kadhaa vyenye nyasi nzuri, taa na vyumba vya kubadilishia nguo. Hapo, wanangu, ndipo urithi wenu ulipojificha. Uwanja mkubwa utasimamiwa na wakubwa, na sina hakika tutaweza kuwashawishi. Lakini kila kiwanja cha mazoezi kinaweza kuwekwa katika shule ya umma, na baada ya mwezi mmoja kikabaki kwa shule hiyo miaka 30. Gharama ni ileile. Kinachotofautiana ni mahali pa kukiweka, na mahali huamuliwa sasa, kwenye vikao ambavyo hamhudhurii.

Shule nyingi nilizofundisha zilikuwa na viwanja vikubwa. Baadhi vimeingiliwa na kuta za watu, kipande kwa kipande, kona ya goli leo, kona ya kibendera kesho. Kiwanja kikipata nyasi za kimataifa na hatimiliki yenye jina la shule, mnyakuzi atafikiri mara mbili.

Na mama zetu wanaouza nje ya geti? Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini lilipokuja, wachuuzi waliondolewa kandokando ya viwanja ili wafadhili wakubwa wauze peke yao. Mjini Durban ilitangazwa mwaka 2009 kwamba soko la alfajiri la Warwick, soko la miaka mingi, lingevunjwa lipishe jengo la maduka. Wachuuzi wakakataa. Wakaandamana, wakaenda mahakamani, na soko lipo mpaka leo. Nawaambia haya ili mama lishe wa Temeke na muuza mahindi wa Mwiki wajue kwamba inawezekana. Wakipangiwa mahali mapema, wakapewa maji, vyoo na kitambulisho, watauza kabla ya AFCON, wakati wake na baada yake.

Hapa sasa nawageukia ninyi wenyewe, na msinikasirikie. Agosti 2025, kwenye ile CHAN, tulikuwa na siku nzuri sana. Ryan Ogam alipofunga dhidi ya Morocco, kisha tukabaki wachezaji kumi na bado tukashinda bao moja kwa bila, nilisimama peke yangu mbele ya runinga nikilia, mzee mzima. Zanzibar niliambiwa watu waliwashangilia Wasudani kama wana wao walipoifunga Nigeria manne, vijana ambao nchi yao inaungua. Hilo nalo ni urithi: tumewapa wenzetu uwanja wa nyumbani walipokuwa hawana. Lakini siku hiyohiyo ya Morocco watu waliingia Kasarani bila tiketi, mageti yakasukumwa, kuta zikaparamiwa. CAF wakatutoza faini, na kwenye mechi iliyofuata wakaturuhusu watu 27,000 tu. Wenye tiketi halali wengine waliachwa mlangoni siku ya Morocco, na waliotaka kwenda na watoto wao waliogopa siku zilizofuata.

Najua tiketi zilikuwa na vurugu, najua kulikuwa na walanguzi, najua milango haikupangwa vizuri. Yote nawakubalia. Lakini Januari 24, 2022, kule uwanja wa Olembé, Yaoundé, Kamerun wakiwa wenyeji wa AFCON, watu wanane walikufa wakikanyagana kwenye geti. Walikuwa wamekwenda kutazama mpira. Mmoja wenu akifia getini 2027, hakuna kombe litakalotufuta machozi. Wasimamizi wa milango wafunzwe kuanzia sasa, vijana wa mtaa waajiriwe na kulipwa, mechi za ligi ziwe ndipo wanapojifunzia. Anayejua kupitisha watu 20,000 getini bila mtu kuumia ana ujuzi utakaomlisha maisha yake yote. Na ninyi wengine mpange mstari. Nawaombeni. Mpange mstari.

Watu niwatajao ndio nadhani watadumu kuliko saruji: msimamizi wa mlango, mtunza nyasi, mwamuzi, muuguzi wa wachezaji, fundi taa, kijana anayejua kuweka hesabu za uwanja. Wageni watakuja na wataalamu wao. Kila mtaalamu anayekuja, apewe kijana wa hapa wa kutembea naye mwezi mzima, aandike anachokiona, na mkataba useme hivyo kabla ndege haijatua. Rafiki yangu wa ufunguo angelifurahi kuona siku hiyo. Alijifunza peke yake, na mengi aliyoyajua alizikwa nayo.

Basi fanyeni hivi. Bajeti za kaunti zikitangazwa kwa maoni ya wananchi, nendeni, hata kama ni wanne tu. Ndugu zetu wa Tanzania, mkutano wa mtaa ukiitwa, msiuachie wazee. Ulizeni kiwanja cha mazoezi kitajengwa katika ardhi ya nani. Ulizeni mwaka wa 2028 umetengewa shilingi ngapi za mchanga, mbegu za nyasi na umeme, na ziko ukurasa gani. Ulizeni jina la cheo cha atakayeshika ufunguo, na saa za kufungua geti siku za shule. Mkiambiwa hilo litaangaliwa baadaye, msibishane wala msitoke kwa hasira. Ombeni tu swali lenu na jibu lao viandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, pamoja na tarehe, na mwombe nakala.